Kamba ya Tatu

Kazi yangu ni kamba.
Ya kwanza kiunoni, ya pili paja la kulia,
ya tatu paja la kushoto, kisha vifundo vya miguu
pamoja, kama mzigo wa kuni.
Dada yangu Thuwaiba hapendi mfano huo.
"Mzigo," anasema, "ni wewe, kukuamsha alfajiri."

Twatoka jua halijapanda milima ya Ibra,
maana ikifika saa mbili tufe halishikiki.
Nalivingirisha kitambaa kibichi,
nampa mkononi
kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Ilikuwa njia ya Sinaw, usiku, ngamia katikati ya lami.
Yeye darasa la sita, begi la shule mapajani.
Baba alipona na kovu. Yeye alipona na kiti.
Watu walileta halwa, walileta pole,
wakasema kadari, wakaangalia sakafu.

Bibi Zuwena hakuangalia sakafu.
Alirudi kutoka Unguja na Kiswahili chake chote,
hata tusi moja hakusahau kulipakia.
Jumatano, soko la wanawake, huuza ubani na tende;
akamweka mjukuu nyuma ya mizani: "Pima."
Jiwe la kilo mbili, la chuma, limemeguka ukingo.
Siku moja kijana mmoja akasema neno
(sitalirudia)
na jiwe likaruka juu ya makapu,
likatua mbele ya viatu vyake.
Soko zima kimya.
Bibi akahesabu nyayo, kisigino kwa kidole.
"Kumi na moja," akasema. "Rudia. Bila huyo kijana."

Kiti cha kutupia alikiunga Gulzar, fundi wa mageti,
kwa mabomba yaliyobakia.
Hakutaka fedha. Alitaka picha,
amtumie binti yake Peshawar.

Sharja, madaktari watatu na kidole kimoja.
"Hapa unasikia?"
"Sisikii."
"Na hapa?"
"Sisikii."
Wakamwandikia herufi na namba.
Usiku akaniuliza: "Mhana,
leo nimepimwa kwa nisichosikia,
kesho nipimwe kwa utepe.
Kipi kati ya hivyo ni mimi?"
Nikajifanya nimelala.

Mita nne na nusu. Tano kasoro kiganja.
Mwaka wa tatu, sita na robo,
na gazeti likakosea jina la babu yetu.

Kisha Doha, mtupo wa sita.
Kamba ya tatu niliifunga mimi.
Labda jasho, labda haraka; mpaka leo sijui.
Tufe lilimtoka shingoni, na kabla halijatua
nilijua: ndilo hili, ndilo tuliloamkia miaka yote.
Paja likainuka upana wa kidole.
Bendera nyekundu.
Hawakulipima. Mtu akapita na reki,
akalisawazisha shimo lake
kama mtu anayefuta ubao.
Wa tano.

Ndegeni alikula chakula chake, na changu.

Nyumbani Bibi akauliza: "Lilifika wapi?"
Nikasema halikuhesabiwa.
"Sikuuliza hesabu. Nimeuliza lilifika wapi."
Nikatoka uani, nikachora mstari kwa kisigino.
Akanifuata kwa miguu yake iliyovimba sasa,
akipima, akipumzika, akipima.
Alipofika ishirini na tano
sauti ikatoka dirishani:
"Umezidisha, Mhana. Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha.

Alfajiri hakungoja niingie.
Kamba ya kwanza keshaifunga, na ya pili.
Ya tatu akaivuta mpaka ikalia, akanipa ncha.
"Kaza," akasema.
"Huko mimi sisikii.
Wewe ndiye wa kusikia."